Mtoto mwenye ulemavu hakuja shule kulinda viatu

Katika shule nyingi hapa Pwani kuna kazi moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mwalimu anaijua. Kengele ya kipindi cha michezo ikilia, darasa zima hutoka mbio kuelekea uwanjani, na mtoto mwenye ulemavu huachwa chini ya mwarobaini na rundo la viatu na mikoba ya wenzake. "Wewe utatuangalizia," huambiwa. Akiwa na bahati atapewa daftari ahesabu magoli. Mwaka unaisha, anapanda darasa, na mwarobaini ni ule ule.

Mara nyingi hakuna nia mbaya, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kuling'oa. Mwalimu anaogopa mtoto asije akaumia, kisha aitwe ofisini kujieleza. Mzazi naye alishamwambia siku ya kwanza, "Mwalimu, huyu wangu usimkimbize." Wenzake wanamwonea huruma. Huruma tatu zikikutana juu ya mtoto mmoja, hukaa kitako kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tisa.

Hasara yake kwanza ni ya mwili. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mikono na mabega yake ndiyo miguu yake, na yasipofanyishwa kazi yanadhoofika mapema. Kukaa mahali pamoja siku nzima huleta vidonda vya makalio, choo kigumu na uzito wa kupita kiasi. Mwenye mtindio wa ubongo, misuli yake hukaza na viungo vikazidi kubana asiponyooshwa na kujongea. Asiyeona anahitaji kujua sauti inatoka upande gani, ageuke vipi, na akianguka aanguke vipi asivunjike. Kwa hivyo yule tunayemwachia viatu ndiye aliyekihitaji kipindi kile kuliko wote. Wenye miguu mizima watacheza jioni mtaani hata asipotokea mwalimu wa kuwafundisha. Huyu asipocheza shuleni, huenda asicheze popote.

Sheria nayo haina utata. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ile ya shuleni. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003. Na katika mtaala wa sasa michezo inafundishwa na kupimwa kama masomo mengine, na sekondari pevu ina mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo. Sasa tujiulize: mtoto aliyelinda viatu muhula mzima, mwalimu alama zake anazitoa wapi?

Tukisema "washirikishwe", wengi hudhani maana yake ni kumsukuma mtoto hadi katikati ya uwanja kisha kumwacha apambane. Siyo. Linalobadilishwa ni mchezo. Mtoto abaki alivyo. Walimu waliosomea jambo hili hujiuliza maswali manne kabla ya kupiga kipenga: uwanja uwe mkubwa au mdogo kiasi gani, zoezi lenyewe lifanywe vipi, kifaa gani kitumike, na nani acheze karibu na nani. Ukibadilisha kimoja tu kati ya hivyo vinne, mara nyingi mlango unafunguka.

Chukua mchezo wa kati, ambao kila mtoto wa Pwani anaujua. Aliye katikati anarushiwa mpira, anakwepa. Mtoto wa magongo hawezi kukwepa kwa haraka ile. Basi mpira uwe laini, wa matambara, na uviringishwe chini badala ya kurushwa. Au yeye aingie katikati na mwenzake, mmoja akwepe na mwingine adake. Mchezo ni ule ule, kelele ni zile zile. Katika mpira wa miguu, chora mstari kando ya uwanja umpe eneo lake ambamo hakuna wa kumpokonya kwa kukimbia, na mpira ukifika kwake lazima autoe pasi kabla haujaenda golini. Hapo timu itajifunza kumtafuta, kwa sababu bila yeye hawafungi.

Ila kuna aina moja ya kushirikisha ambayo mimi naiona mbaya kuliko kumwacha mwarobaini. Nayo ni goli la sadaka. Kipa anajiangusha makusudi, mabeki wanasimama kama nguzo, mtoto anasukuma mpira ndani, watu wote wanapiga makofi na simu zinachukua video. Mtoto si mjinga. Anajua amefunga goli ambalo hakulifunga, na wenzake wanajua pia. Sheria ya mchezo ibadilishwe kabla ya kuanza, kila mtu aijue, kisha achezewe kwa bidii kama mchezaji yeyote. Akipokonywa mpira, apokonywe. Akikasirika, vizuri, ndiyo michezo hiyo.

Kikwazo chetu cha Pwani ni mchanga. Kiti cha magurudumu hakiendi kwenye mchanga, na viwanja vyetu vingi, kuanzia Lamu hadi Vanga, ni mchanga mtupu. Shule inaweza kutandika njia ya saruji au mbao hadi kwenye kona moja ya uwanja iliyoshindiliwa, na kazi hiyo si kubwa kushinda mambo mengi yanayochangiwa na wazazi. Lakini mchanga huohuo unageuka rafiki watoto wote wakiketi. Kuna voliboli ya kukaa, mchezo kamili wa Paralimpiki, wachezaji sita kila upande. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6, wavu uko mita 1.15 juu kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake, na makalio hayaruhusiwi kuinuka unapougusa mpira. Kamba ya kuanikia nguo na miti miwili yatosha. Mtoto asiye na nguvu miguuni, ambaye amezoea kujivuta kwa mikono, hapo mara nyingi huwashinda wale wa miguu mizima. Waacheni wamwone akiwashinda.

Kwa wasioona kuna goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani na kuingizwa katika Paralimpiki mwaka 1976. Watu watatu kila upande, mpira wenye kengele ndani unaviringishwa chini kwa nguvu, na walinzi wanajilaza kuuzuia kwa mwili wakifuata sauti. Wote hufungwa macho, hata wanaoona kidogo, ili pasiwe na mwenye faida. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9, yaani vipimo vya uwanja wa voliboli wa kawaida. Shule yenye uwanja wa voliboli wenye sakafu ngumu tayari ina uwanja wa goliboli. Mistari hupitishiwa kamba chini ya utepe wa kubandika ili mchezaji aipapase kwa mkono na kujua amesimama wapi. Mpira halisi una uzito wa kilo 1.25 na ni ghali, lakini wa kujifunzia waweza kushonwa kwa matambara, ukatiwa kopo lenye mbegu ndani ukalia kama kayamba. Zamani watu walikuwa wakiufunga mpira ndani ya mfuko wa nailoni uchakarike. Hapa Kenya mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2017, na kayamba tunayo tangu enzi za mababu.

Sharti ni moja kwa watazamaji: kimya. Ushangiliaji wetu wa ngoma na vifijo ungoje goli lifungwe kwanza.

Mbio nazo hazina ugumu. Asiyeona hukimbia na kiongozi, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi, na kwa kanuni za mashindano kiongozi haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho mbele ya mwanariadha. Mkenya mwenzetu Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi, akiwa kijana wa miaka 21. Miaka mitano baadaye alikuwa Sydney, kwenye mbio za mita 5000. Kiongozi wake aliishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho, na Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemkokota aliyeona hadi wakamaliza. Alichukua dhahabu. Athens mwaka 2004 akachukua mbili, za mita 5000 na 10,000. Kinachohitajika shuleni kuanza ni kamba ya kiatu na rafiki mmoja mwenye pumzi.

Viziwi ndio wanaosahaulika zaidi, kwa sababu miguu yao mizima inatudanganya kwamba hawahitaji chochote. Wanakimbia, ndiyo, lakini kipenga hawakisikii. Anaendelea kucheza wakati wenzake wamesimama, anachekwa, kesho haji. Mwalimu ashike bendera pamoja na kipenga, awaelekee wanafunzi anapoeleza badala ya kuongea akiwa amewapa mgongo, na darasa zima lifundishwe ishara kumi tu za mchezo: simama, anza, pasi, rudi, faulo na kadhalika. Watoto hujifunza lugha ya ishara upesi kutushinda sisi.

Mwenye ulemavu wa akili au usonji anahitaji maelezo mafupi, moja kwa moja, na kuonyeshwa kwa vitendo. Mwalimu anayesimama kueleza kanuni saba kwa mkupuo amempoteza tangu ya pili, na kusema kweli amewapoteza nusu ya darasa. Special Olympics wana utaratibu wa timu moja kuchanganya wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, mazoezi pamoja na mechi pamoja, na mpango kama huo shule yoyote yaweza kuujaribu kwenye ligi yake ya madarasa. Kwa wenye mtindio wa ubongo uliokaza mikono kuna bocha: mipira sita myekundu, sita ya buluu, na mmoja mweupe unaolengwa, anayekaribia zaidi ndiye mshindi. Soksi zilizojazwa mchanga zafaa. Asiyeweza kurusha huteremsha mpira juu ya kipande cha mfereji wa bati.

Hofu ya kuumia nayo tusiidharau. Zipo hatari za kweli, na mwalimu anapaswa kuzijua kwa majina yake. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye mifupa ya shingo, kwa hivyo wasipigishwe vichwachini wala samasoti kabla daktari hajawapima. Mwenye kifafa akiingia baharini au kidimbwini awe na mtu wake mmoja asiyemwondolea macho. Mwenye seli mundu anywe maji mara kwa mara na apumzike anapochoka, bila kuitwa mvivu. Mwenye ualbino asichezeshwe saa sita mchana kwenye jua letu hili. Kipindi chake kiwe asubuhi au chini ya kivuli, avae kofia na mikono mirefu hata kama sare ya michezo ni fulana, apakwe mafuta ya kukinga jua, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuyagawa. Na kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, mpira uwe wa rangi inayoonekana wazi. Zaidi ya hayo, mchubuko wa goti ni mchubuko wa goti. Mtoto wako mwingine ameuleta nyumbani mara ngapi?

Wasichana wana pingu mbili. Msichana mwenye ulemavu hufichwa kwa sababu ya ulemavu, kisha hufichwa tena kwa sababu ni msichana, na mama anaogopa macho ya watu. Voliboli ya kukaa na bocha huchezwa vizuri ndani ya ua wa shule, na hijabu, na suruali ndefu, na mwalimu wa kike. Stara isitumiwe kuwa sababu.

Mombasa kuna shule ya wasioona Likoni na ya wenye ulemavu wa viungo Port Reitz. Kilifi kuna ya viziwi Kibarani. Kwenye shule za aina hii ndiko uliko ujuzi ambao walimu wa shule za kawaida wanalalamika hawakufundishwa chuoni. Basi badala ya kuwapelekea sukari na sabuni siku ya ziara, ombeni mechi. Darasa la kawaida lifungwe macho, lifundishwe goliboli na watoto wasioona, na lifungwe mabao halali.

Mzazi, mkutano ujao wa shule ukifika kipengele cha mengineyo, usiulize kama mtoto wako "anashirikishwa", maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza Jumanne iliyopita, kipindi cha michezo, alikuwa amesimama au ameketi wapi, na alishika nini mkononi.