Tanzia na Mfuko wa Mchango: Utangulizi

Anayeanza kusoma tanzia hupelekwa moja kwa moja Ugiriki, kwa Sophocles na yule mfalme aliyeletwa kwetu na Samuel Mushi mwaka 1971 katika *Mfalme Edipode*. Sina ugomvi na safari hiyo. Ninachouliza ni nani aliyeilipia michezo ile. Kule Athens, mazoezi na mavazi ya kundi la waimbaji yaligharamiwa na tajiri aliyepewa jukumu hilo na mji. Kwa hiyo kikundi cha mtaani Tanga kikiigiza tanzia ili kupata fedha za kuezekea madarasa, hakijazua jipya.

Kilicho kigeni hapa ni hadhira. Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star na wa mwimbaji Bi Shakila, haukuzoea watazamaji wa kukaa kimya. Kwenye taarabu mtu huinuka na noti yake, akaenda jukwaani kwa madaha na kumtunza mwimbaji kwenye ubeti uliomgusa. Waliobaki vitini hawatazami noti tu. Wanapima ni nani aliyeinuka, kwenye ubeti gani, na nani anasemwa.

Sasa chukua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Mwishoni shujaa yumo kifungoni, anakataa kukiri mbele ya Wajerumani kwamba maji ya kinga aliyowapa wapiganaji wake yalikuwa uongo. Mama mmoja akiinuka hapo na noti, anamtunza mwigizaji au anaunga mkono ule ukaidi? Na mwigizaji afanye nini, aipokee pingu zikiwa mikononi? Wapo wanaosema kiingilio kikatwe mlangoni, yaishe. Naona huko ni kulikimbia swali zuri kuliko yote katika taaluma hii.

Wala shujaa si lazima atoke kusini kama Kinjeketile. Abushiri, mwenye shamba la miwa Pangani aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa huko huko Pangani Desemba 1889, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akavitungia vita vile utenzi. Usaliti, kiburi, mji uliogawanyika: vyote vimo.

Karibu, basi. Kabla ya kugusa nadharia yoyote, isome *Kinjeketile* kwa sauti pamoja na wenzako, kisha nenda kwenye taarabu Tanga, ukae karibu na jukwaa. Beba noti ndogondogo.