Mjamzito mkimbizi apewe mkalimani wa lugha yake

Mama mwenye mimba ya miezi minane yuko kliniki. "Unaona vizuri?" Anaitikia kwa kichwa. "Kichwa hakiumi?" Anaitikia tena. Kwenye kadi inaandikwa: hana tatizo. Kumbe ameitikia kwa heshima tu, maneno ya mkalimani hakuyaelewa.

Hali ya namna hii imewakabili Wabantu wa Somalia waliohamia Marekani. Wengi wao ni vizazi vya watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Somalia walibaguliwa kwa asili yao. Vita ilipozuka mwaka 1991 walikimbilia Dadaab, Kenya, na baadaye maelfu wakapelekwa Kakuma kusubiri safari ya Marekani.

Huko waliandikwa "Wasomali" na kuitiwa mkalimani wa Kisomali. Lakini wengi wao huzungumza Kimaay, ambacho msemaji wa Kisomali cha kawaida hakielewi kwa urahisi. Wengine lugha yao ni Kizigua, ndugu wa kile cha Handeni. Isitoshe, mkalimani anaweza kutoka katika koo zilizowadharau nyumbani. Mama atamwelezaje habari za kutokwa damu ukeni au ukeketaji?

Madhara yake si madogo. Shinikizo la damu tunalipima kwa mashine, lakini kichwa kinachouma na macho kuona ukungu, dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba, anazijua mama mwenyewe. Vilevile, anayeombwa kusaini fomu ya upasuaji bila kuelewa sababu akikataa, huitwa mkaidi.

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara 8. Mahudhurio hayo hayatoshi ikiwa mama na mhudumu hawaelewani.

Kama una binti au ndugu mjamzito Marekani, mweleze kuwa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpatia mkalimani bila malipo. Ataje lugha yake hasa, si nchi aliyotoka. Anaweza kuomba mkalimani mwanamke, hata kwa simu. Asimtumie mtoto wake kutafsiri: mtoto hukosea, na yapo mambo ambayo mama hatayasema mbele yake.

Hata hapa nyumbani wapo mama wasiokijua vizuri Kiswahili cha kliniki. Ukimsindikiza mmoja wao, mwombe arudie kwa maneno yake alichoambiwa. Hapo ndipo utajua kama ameelewa.

Na kwa lugha yoyote ile, kila mjamzito afahamu dalili hizi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maji kuvuja kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Akiona hata moja, aende hospitali mara moja, asisubiri tarehe ya kliniki.