Kiti Kimoja cha Kitutu Masaba

Nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la Abagusii tunaoishi huku Minnesota, na kabla sijasingiziwa mengine, afadhali nieleze mwenyewe. Mjadala ulikuwa ule ule wa kila Jumapili usiku: nani amewahi kututetea bungeni kweli kweli. Wakatajwa mawaziri, wakatajwa wenye helikopta. Nilipomtaja George Moseti Anyona, kijana mmoja akaandika kwamba huyo alikuwa na chama cha mbunge mmoja, tena akagombea urais akapata kura za kijiji. Akamalizia na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu, sikatai, lakini haukuwa na tusi hata moja. Msimamizi akasema kundi ni la matanga na harambee, siasa ipelekwe kwingine. Basi nimeileta hapa.

Hesabu za kijana hazina makosa. Mwaka 1992 Anyona aligombea urais akapata kura 14,273, na mwaka 1997 akapata 16,428. Ila wanaocheka hawaulizi chama chenyewe kilitoka wapi. Katika katiba ya zamani hapakuwa na mgombea huru. Usipodhaminiwa na chama, jina lako haliingii kwenye karatasi ya kura, iwe ya udiwani, ubunge au urais, na mambo yakabaki hivyo mpaka katiba ya 2010. Mwaka 1992 mtu asiyetaka KANU, chama tawala, alikuwa na Jaramogi upande huu, Matiba upande ule, Kibaki katikati. Anyona hakutaka kuwa chini ya yeyote kati yao, na njia ikawa moja tu: awe na chama chake. Kenya Social Congress ilipata kiti kimoja kati ya 188, nacho kilikuwa chake, Kitutu Masaba. Mwaka 1997 ikapata kiti hicho hicho tena.

Tena ile haikuwa mara yake ya kwanza kutafuta chama. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi walitaka kuanzisha chama cha pili cha kijamaa. Wakati huo sheria haikukataza. KANU ilikuwa peke yake kwa mazoea na kwa vitisho tu. Wote wawili wakafukuzwa KANU, Anyona akatiwa kizuizini, na Juni 1982 Bunge likaingiza kifungu cha 2A kwenye katiba: Kenya ni nchi ya chama kimoja, basi. Kijana wangu anayecheka chama kidogo aanzie hapo. Serikali ilibadilisha katiba ya nchi nzima kwa hofu ya chama ambacho kilikuwa hakijasajiliwa.

Alikuwa ameingia Bunge mwaka 1974, eneo likiitwa bado Kitutu Mashariki. Ulikuwa wakati mbaya wa kuwa mbunge mwenye mdomo. Machi 1975 mbunge mwenzake J. M. Kariuki akauawa. Oktoba mwaka huo wabunge Shikuku na Seroney wakakamatwa na kutiwa kizuizini. Chelagat Mutai akafungwa 1976. Waliobaki wengi wakajifunza kunyamaza. Anyona aliendelea kufanya kitu kimoja kinachochosha sana wakubwa: kusoma nyaraka, kisha kuuliza maswali kwa kufuata kanuni za Bunge. Mei 1977 alikuwa anafuatilia zabuni ya mabehewa ya reli, na akakamatwa akiwa katika eneo la Bunge lenyewe. Hakushtakiwa. Aliachiliwa Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki, na mwaka uliofuata KANU ikamzuia kugombea.

Halafu ikaja 1990. Siku chache baada ya maandamano ya Saba Saba alikamatwa pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Kosa likaitwa uchochezi, na Julai 1991 kila mmoja akahukumiwa miaka saba. Mapema 1992 wakatoka kwa dhamana wakisubiri rufaa, na mwisho wa mwaka huo mfungwa wa jana akarudi bungeni kwa kura za watu wa kwao.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Mwaka 1997, mitaa ikiwaka moto, wabunge wa KANU na wa upinzani walikaa pamoja katika kile kikundi cha IPPG, na Anyona alikuwa miongoni mwa vinara wake. Wanaharakati walisema mageuzi yale ni ya juu juu, na kwa kiasi fulani walisema kweli, kwa sababu katiba mpya haikupatikana. Lakini miongoni mwa sheria zilizofutwa mwaka huo ni ile ya uchochezi. Mtu aliingia Bunge akashiriki kuifuta sheria iliyomfunga. Nitajieni mwenye helikopta aliyefanya hivyo.

Na hili la kiti kimoja. Baada ya uchaguzi wa 1997 KANU ilikuwa na viti 107 vya kuchaguliwa, na vyama vingine vyote kwa jumla 103. Katika Bunge kama hilo, kiti kimoja ni kiti. Kinachonikera zaidi ni kwamba kijana huyo anaishi Minnesota, na Januari 2025 Baraza la Wawakilishi la jimbo hili lilikwama kwa sababu ya kiti kimoja.

Kwa walio nyumbani, hadithi yenyewe ni hii. Baraza lina wajumbe 134. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulitoa 67 kwa 67, sare kabisa. Kisha jaji akaamua kwamba mmoja wa washindi wa chama cha DFL, yaani Democrats wa huku, hakuwa akiishi katika wilaya aliyochaguliwa. Rudieni sentensi hiyo polepole. Hakuiba kura wala hakumpiga mtu. Kosa lake ni kwamba hakulala kwenye nyumba aliyosema anaishi! Wapinzani walichunguza mienendo yake, kesi ikafika kortini, kiti kikawa wazi. Republicans wakawa 67 kwa 66, na wale wa DFL wakakataa kabisa kuingia ukumbini kwa wiki tatu hivi, na katikati yake Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kikao bila watu 68 si kikao. Ingekuwa kwetu mbunge anapoteza kiti kwa sababu halali kwake, ukumbi wa Nairobi ungebaki na karani na rungu.

Kuna kingine cha huku bado sijakielewa: kokasi, yaani mikutano ya vyama mitaani. Katika mwaka wa uchaguzi, Jumanne moja ya baridi kali, majirani wanakusanyika saa moja jioni kwenye shule, kila mtaa darasa lake. Hakuna kadi ya chama. Unatia sahihi kwamba unakubaliana na kanuni za chama, na umekuwa mwanachama. Hakuna soda, hakuna posho, hakuna fulana. Badala yake bahasha inapitishwa ili wewe ndiye utie pesa! Mara ya kwanza nilidhani wamekosea upande.

Halafu wajumbe waliochaguliwa huenda kwenye mkutano mkubwa wa wilaya, na huko ndiko kwenye maajabu. Mtu anasimama, anatangaza kundi lake, labda la elimu, labda la mgombea fulani, labda la vyote viwili, anainua bango na kwenda kusimama kwenye kona. Anasimama mwingine, naye kona yake. Kisha ukumbi mzima unatembea, kila mtu akienda kwa bango analotaka, na mnahesabiwa mkiwa mmesimama. Mimi niliyekuwa Kisii mwaka 1988 nilitafuta mlango. Ule mlolongo wa kupiga kura kwa kupanga foleni nimeukimbia kwetu, nikaukuta hapa ukisimamiwa na walimu wastaafu wenye sweta za maua. Wao wanauita demokrasia safi. Kundi likiwa dogo kupita kiwango linavunjwa, watu wake wanatawanyika kwenda makundi mengine. Kwa sheria hiyo Anyona asingefika popote.

Mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa, nilimchukua siku hiyo kwa sababu mama yake alikuwa zamu ya usiku. Aliona watu wakiinua mabango, akaomba karatasi, akaandika jina la timu yake ya mpira na kusimama kwenye kona yake. Bibi wawili wakaenda kusimama naye. Mwenyekiti wa mkutano akatangaza kwa sauti nzito kwamba kundi hilo halijafikia kiwango. Mtoto alilia njia nzima, akisema yeye hakutaka kujiunga na kundi la mtu mwingine. Nikamwambia nyumbani kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyesema vivyo hivyo.

Dada yake, wa miaka kumi na sita, ndiye aliyeufuatilia ugomvi wangu. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kuandika juu ya mtunga sheria wa muda mrefu, akitarajia, naamini, mtu wa Minnesota. Binti yangu, ambaye nikimwambia aongee Ekegusii na nyanya yake kwenye simu hujifanya mtandao umekatika, akamchagua Anyona. Kisha akanihoji kama wakili. Baba, alikaa bungeni miaka mingapi? Nikahesabu: 1974 hadi 1977, halafu 1992 hadi 2002. Akasema hiyo haifiki hata miaka kumi na minne, muda mrefu uko wapi? Nikamwambia ahesabu na miaka aliyofungiwa, maana hiyo nayo ilikuwa kazi ya Bunge. Akachora mstari mrefu wenye rangi mbili, kijani kwa bungeni na nyekundu kwa kizuizini na jela, akaubandika kwenye friji. Mama yake alitaka kuutoa kwa ajili ya ratiba ya zamu zake, tukabishana, ratiba ikahamia mlangoni.

Aliuliza pia ilikuwaje akashindwa. Hilo ni fupi. Mwaka 2002 Nyachae, Mgusii mwenzake, aligombea urais kwa FORD-People, na wimbi lake likafagia Gusii. Chama kikapata viti 14, na Mwancha Okioma akachukua Kitutu Masaba. Novemba 2003 Anyona akafa katika ajali ya barabarani Nairobi. Binti akaandika hayo bila kusema neno, kisha akauliza kama tunaweza kula piza.

Kazi yake inamtaka ataje pia mtunga sheria wa sasa. Hapo hakuhitaji msaada wangu: Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, alichaguliwa Novemba 2024 kuingia Baraza la Wawakilishi kwa wilaya ya 38A, Mkenya wa kwanza kufika huko. Alikuwa mmoja wa wale 66.

Kilichobaki ni picha. Mwalimu anataka angalau moja ambayo haikutoka kwenye intaneti. Kama una picha ya mkutano wa Anyona pale Keroka, Manga au Tombe, au kadi ya zamani ya Kenya Social Congress iliyosahaulika kwenye sanduku la mzee wako, ipige picha unitumie kupitia blogu hii. Jina la mwenye nayo litaandikwa chini yake.