Dole Gumba Katika Barua Pepe

Tuseme mfanyabiashara wa viazi mviringo wa Ilomba, jijini Mbeya, ampelekea mnunuzi wa Dar es Salaam barua pepe yenye bei na tarehe ya kupakia. Mnunuzi hajibu kwa maneno. Abonyeza tu alama ya dole gumba. Je, amekubali bei, au amekiri tu kwamba barua imemfikia? Swali hili si la mzaha. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu kwa alama hiyo, kwa simu, mkataba wa kuuza mbegu za kitani alikuwa ameukubali, akatakiwa alipe zaidi ya dola 82,000 za nchi hiyo.

Maana ya alama tuwaachie mahakimu. Mhandisi ana swali lake: programu itajuaje kwamba alama ile ni itikio kwa barua fulani, wala si barua mpya? Mwezi wa Agosti 2021 ilitolewa hati ya majaribio iitwayo RFC 9078, kazi ya Dave Crocker, Ricardo Signes na Ned Freed. Yasema kwamba barua ya kujibu yaruhusiwa kuwa na sehemu iliyotiwa neno "reaction". Ikiwa nalo, ni lazima sehemu hiyo iwe maandishi matupu ya mfumo wa UTF-8, ambamo dole gumba huchukua baiti 4. Barua inayoitikiwa hutambuliwa kwa kitambulisho chake, kinachotajwa katika kichwa cha jibu.

Msomaji ameona maneno mawili: yaruhusiwa, lazima. Katika hati hizi maneno ya namna hiyo yana uzito uliopimwa. Scott Bradner aliyafafanua mwaka 1997: lipo la lazima kabisa, lipo lifaalo, ambalo mtu aweza kuliacha akiwa na sababu nzuri na baada ya kupima matokeo yake, na lipo la hiari. Hata hivyo ubishi ulizuka, ndipo mwaka 2017 ikaongezwa kanuni kwamba maneno hayo yana uzito huo yaandikwapo kwa herufi kubwa tu.

Kwa Kiswahili taabu ni kubwa zaidi. "Inapaswa" hutumika kwa la lazima na kwa lifaalo pia; "yaweza" ni uwezo na ni ruhusa. Kwa maoni yangu "inapaswa" haifai kabisa katika kiwango cha ufundi. Tazama: RFC 9078 yapendekeza emoji 5 za msingi, lakini hailazimishi programu yoyote kuzitumia. Kadhalika, emoji isiyotambulikana haifai kuhesabiwa kosa. Mfasiri akiandika "inapaswa" na "haipaswi" kila mahali, mwanafunzi atunge programu kwa kumfuata, programu hiyo itakataa barua zilizo halali.

Na hiari ina gharama yake. Gmail ilipoanzisha maitikio mwaka 2023 ilitumia muundo wake yenyewe. Programu isiyoujua huonyesha barua ya pekee, isemayo kwamba fulani ameitikia.

Walimu wa Kiswahili na wa kompyuta waweza kushirikiana hapa: wachukue kanuni za maabara ya shule, na wanafunzi waamue kila "inapaswa" iliyomo ni lazima, yafaa, au yaruhusiwa.