Zamu Zinapopungua Chang'ombe

Katika viwanda vya vyakula vya Chang'ombe, jijini Dar es Salaam, na kandokando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wakongwe wa Temeke wangali wakiiita Barabara ya Pugu, habari ya kupunguzwa wafanyakazi aghalabu haitanguliwi na barua, bali na zamu: mitambo iliyokuwa ikisaga usiku kucha huzimwa magharibi, kibarua aliyezoea kuitwa siku sita huitwa tatu, na mama lishe wa langoni, mwenye daftari la madeni ya nusu ya kiwanda, huanza kuinjika sufuria moja badala ya mbili.

Kadhia hii ina asili yake, nayo mara nyingi iko shambani. Chukua mfano wa korosho: taifa lilijenga viwanda 12 vya kuzibangua, ilhali mavuno yaliyofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 yaliporomoka hata yakawa chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa maradhi ya ubwiriunga, bei duni, na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Vingi vya viwanda hivyo vikafungwa, na wabanguaji wakapoteza riziki pasipo kosa lao.

Ili upunguzaji usifanywe kiholela, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na namna ya kuwachagua watakaoondoka, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kabla ya kukata shauri. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Maana yake, aliyebeba magunia miaka 20 huondoka na ujira wa siku 70, sawasawa na wa miaka 10, na katika hilo mimi sioni insafu.

Walakini hata haki hiyo haba humpita kibarua wa kutwa, ambaye jina lake huandikwa alfajiri na kusahauliwa jioni. Wengi hawajui kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi katika shauri la kisheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia mwajiri huyo. Basi, ndugu uliye kiwandani, hifadhi kila karatasi ya malipo na kila kitambulisho, na ukiachishwa isivyo haki, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 30 kupita.