Umepewa mbwa dume mkubwa? Kumhasi hakumfanyi aache kulinda

Umepewa mbwa dume aliyekwisha komaa, lakini kila usiku anatoroka kufuata majike na kurudi na majeraha? Kumhasi kunaweza kupunguza uzururaji huo. Wengi huhofia kwamba ataacha kulinda boma. Sivyo: mgeni akifika usiku, bado atabweka.

Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi, si kwa wembe nyumbani. Akisharudi, mzuie asilambe kidonda kwa siku 10 hadi 14. Mtenge na majike kwa wiki 6 hivi, maana mbegu zilizobaki mwilini zinaweza kumpa jike mimba.

Na kumbuka, kuhasiwa hakuzuii kichaa cha mbwa. Chanjo bado ni lazima.