Gari la Spoti Lisilo na Turbo Mikononi mwa Mwanagenzi wa Kisumu

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mafuta yaliyochanganyika na hewa ndani ya silinda, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo nguvu inavyoongezeka. Turbo ni kifaa chenye feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisindilia hewa ndani ya injini kwa shinikizo, ilhali injini isiyo nayo huivuta hewa yenyewe kila pistoni inaposhuka. Katika kundi hili la pili yamo Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2012 yakiwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi zipatazo 200. Kwa mwenye mfuko mwembamba ipo Subaru Impreza ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 110, ambayo mjuzi wa magari hatakubali kuiita ya spoti, lakini ambayo kwa sura yake huwatosha vijana wengi.

Jambo ambalo mnunuzi wa Kisumu hukumbushwa kwa nadra ni kwamba mji huo, ingawa uko ufuoni, uko juu sana. Ziwa Victoria limekaa mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya nane likilinganishwa na la Mombasa, na injini inayojivutia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Farasi 200 waliotajwa na mtengenezaji hubaki kama 175 pale Kondele mjini Kisumu, na gari lifikapo Kericho, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, upungufu huo huvuka moja ya tano. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo, na ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake nyanda za juu.

Kwa anayejifunza, hata hivyo, kukosa turbo kuna faida. Injini yenye turbo, hasa ya miundo ya zamani, husita kidogo baada ya mafuta kukanyagwa, kisha huachilia nguvu kwa ghafla, pengine dereva akiwa tayari katikati ya kona. Isiyo na turbo humjibu dereva kwa kipimo kilekile alichokanyaga, hivyo mguu wake hujifunza mapema uhusiano wa mafuta, klachi na gia. Hilo halimaanishi kwamba gari ni pole. Toyota 86 husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mvua ya alasiri inapoilowesha lami yenye mafuta yaliyodondoka, mguu mzito huweza kuutelezesha mkia wa gari kuelekea kwenye bodaboda na tuktuk zilizojazana kando ya barabara. Aidha, gari lenye tumbo la chini hukwaruzwa na matuta, na si matuta yote yenye alama.

Sheria ya Kenya haimzuii asiye na leseni kumiliki gari; inachozuia ni kuliendesha. Mwanagenzi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi hupewa leseni ya muda, hubandika herufi L nyekundu juu ya kibao cheupe mbele na nyuma ya gari, na sharti aandamane na mtu mwenye leseni kamili. Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Anayetaka bima kamili asome kwa makini kipengele cha kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kabla ya kampuni kulipa, kwa kuwa kiasi hicho kwa kawaida hupandishwa kwa madereva vijana na wapya.

Anayedhani kwamba gari bila turbo ni la unyonge aitazame historia ya Safari Rally. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, aliyashinda mashindano hayo mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, yote yasiyo na turbo. Ilikuwa hadi mwaka 1984 ndipo gari la turbo, Toyota Celica ya Björn Waldegård, lilipopata ushindi kwa mara ya kwanza.

Hatari halisi iko kwenye kulipita gari lingine mlimani. Kutoka Ahero barabara ya Kisumu kwenda Kericho hukatiza tambarare ya Kano, ambako gari dogo huonekana jepesi na mwendo wake humdanganya kijana. Baada ya Awasi mwinuko huanza, hewa hupungua, na trela la miwa linalojikongoja mbele huhitaji nafasi ndefu kulipita kuliko ile aliyoizoea tambarare. Dawa ni kurudi gia moja au mbili kabla ya kutoka upande wake, kwa maana injini za aina hii hutoa nguvu zake zinapozunguka kwa kasi, na kubaki nyuma ikiwa upeo wa barabara hauonekani wote.

Kabla ya kununua, fundi afunue boneti. Subaru nyingi zenye turbo zina tundu juu ya boneti la kupoozea hewa iliyosindiliwa, na wapo wanaolibandika tundu kama hilo kwenye Impreza isiyo na turbo kwa ajili ya mapambo tu. Kubwa zaidi ni kuuliza mkanda unaoendesha vali za injini ya lita 1.5 ulibadilishwa lini, kwa kuwa hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni huzigonga vali na gharama ya kuifufua injini huweza kumfanya mwenye gari alitie sokoni.